Mtani Aliyebeba Sauti Zetu

Mtani wetu alikuwa na sauti zetu zote kinywani mwake. Sauti ya babu yangu mwenye pumu, sauti ya jumbe aliyezoea kumeza neno la mwisho, sauti ya mwanamke anayefukuza kuku huku mtoto analia mgongoni; zote alikuwa nazo, na alizitoa hadharani pale tu mwenye sauti alipokuwa amekwisha kufa. Maiti yuko ndani, wanawake wanalia, mara unamsikia marehemu anakohoa nyuma ya nyumba na kuulizia kiko chake. Unageuka, kumbe ni Mtani, amejifunga shuka ya marehemu, amepinda mgongo kama marehemu, anadai wali wake wa jana. Nasi tuliokuwa tukilia tunaangua kicheko na machozi bado yako mashavuni.

Nimeanzia kwenye sauti kwa sababu ndiyo iliyokuja kunipiga mwishoni, na sijapona vizuri. Wala mimi si mtu wa kushtukashtuka. Mimi ni wa kucheka na kuota. Nikitwanga mpunga naota nyumba yenye dirisha, nikichota maji naota mtumbwi wangu mwenyewe. Kwa Mapadri nilisoma kidogo tu, kiasi cha kuandika salamu na kusoma katekisimu bila kufuata kwa kidole, kwa hiyo msitafute maneno makubwa hapa. Nasimulia kama tunavyosimulia Ifakara tukichambua mchele: mkono unaendelea, mdomo unaendelea, jiwe likijitokeza linatolewa.

Jina lake silitaji. Kwetu alikuwa Mtani, basi. Ukoo wake ni wa milimani, upande wa Mahenge, na wetu ni wa hapa mtoni. Mababu zao na zetu walipigana hadi wakachoka, wakapatana kwamba tangu siku ile watatukanana badala ya kuchomana mikuki. Ndiyo maana mtani huingia nyumbani kwako bila hodi, akafunua chungu, akauliza lile ambalo ndugu yako wa tumbo moja hathubutu kuliuliza, nawe huwezi kukasirika. Ukikasirika, wazee wanakutoza kuku. Msibani ndiye anayechimba kaburi, ndiye anayeosha maiti, ndiye anayechekesha. Na yote anayoyasema, na yote unayomjibu, yanakufa pamoja na kicheko. "Neno la utani halina miguu," walisema wazee wetu. Haliendi popote.

Tulivyoliamini hilo! Jamani, tulivyoliamini!

Mimi aliniita mke wake mdogo tangu sijaota meno ya mbele. Akitokea uani asubuhi, mama anatwanga, mimi napepeta, ataanza:

"Mke wangu mdogo, hujaoga?"

"Nimeoga. Anayenuka kambale ni wewe. Hujafa tu, mzee?"

"Nikifa nani atamzika mama yako? Mtazame. Ule si mwili, ni mchi mwingine umeshika mchi."

"Toka hapa, mla vichwa vya samaki!" mama anafoka, na tayari anacheka.

Vichwa vya samaki alivipenda kweli. Mnofu aliwaachia watoto, yeye akakaa kizingitini na kichwa cha kambale, akakifyonza mpaka kikawa cheupe kama kifuu. Kigodani hakukaa hata siku moja. Alikaa mlangoni, nusu ndani, nusu nje, na alipoulizwa sababu alisema mtani ni wa mlangoni, akiingia kabisa atageuka kuwa ndugu, na ndugu hawasemi kweli.

Alikuwa na tabia nyingine ambayo niliipenda sana utotoni. Ukiongea naye alifumba jicho moja, na midomo yake ikawa inakufuata. Haitoi sauti. Inarudia tu kimya kimya maneno yako ya mwisho, kama mtu anayeonja mchuzi. Nilidhani anajifunza sauti zetu kwa ajili ya misiba yetu. Nilikuwa nikisimama mbele yake makusudi nikisema maneno magumu ili nione midomo yake inayapataje, kisha nacheka na kumwambia siku nikifa asisahau kwamba nina kithembe kidogo.

Semi zake zilikuwa nyingi, na nyingi hazifai kuandikwa na msichana. Moja ilikuwa hii: "Kiboko huuliza mara moja, kicheko huuliza mwaka mzima." Aliisema enzi za Mjerumani, askari wakiwa wamepita na viboko vyao kuhimiza watu kwenye shamba la pamba la jumbe. Sote tuliisifu. Tulidhani anatufariji.

Siku zile tulijua kunyamaza. Mbele ya askari ulinyamaza, mbele ya akida ulinyamaza, mbele ya mkalimani ulisema "ndiyo bwana" na kunyamaza tena. Lakini boma lilijua. Mtu mmoja wa Lumemo alificha mpunga kwenye mtungi, akaufukia chini ya mafiga na kuwasha moto juu yake. Askari walipofika hawakupekua dari wala ghala. Walikwenda moja kwa moja jikoni wakapiga teke mafiga. Mwingine wa njia ya Kiberege alisema kwenye kikao cha pombe kwamba pamba ya jumbe na ijilime yenyewe. Asubuhi alikuwa amelazwa chini anachapwa. Watu wakatafuta sikio la boma liko kwa nani. Walimdhania mwenye duka aliyetoka pwani, kwa kuwa si wa kwetu. Walimdhania katekista, kwa kuwa anajua kuandika. Kuna waliosema ni bundi. Mtani hakudhaniwa na mtu, kwani nani alikuwa amemwambia Mtani kitu? Tulikuwa tumetaniana tu.

Sasa nitaje habari ya mjomba, kwa sababu bila yeye hamtaelewa nilichokwenda kutafuta.

Mjomba alikuwa kaka wa mama, na walikuwa wawili tu kwa mama yao. Vita vya Maji Maji vilipokuja, yeye alikuwa mmoja wa waliozunguka na kibuyu cha dawa, akiwanyunyizia watu maji ya kugeuza risasi. Risasi hazikugeuka. Vita vikaisha, njaa ikaingia, Wajerumani wakaanza kuwasaka wote waliobeba vibuyu. Mjomba akatoweka. Mama peke yake alijua yuko wapi. Alikuwa ng'ambo ya mto, kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo tunachokaa kulinda mpunga na ndege. Mama alimpelekea chakula ndani ya mgono, ule mtego wetu wa kusuka, chini ya samaki, kama mwanamke anayetoka kutega. Wakati huo nilikuwa mtoto wa kubebwa na kushushwa. Naikumbuka harufu ya mgono ule, basi.

Kisha bibi akafa kwa njaa. Akazikwa, watani wakaja, watu wakalia na kucheka kama desturi. Haukupita muda askari wakavuka mto, wakaenda moja kwa moja kwenye dungu lile moja kati ya madungu yote ya bondeni. Mjomba akanyongwa uwanjani mbele ya boma, na watu wakaitwa watazame.

Hapo ndipo Mtani alipofanya jambo lililomfanya mama amheshimu kuliko padri. Mwili uliachwa ukining'inia uwe fundisho, na hakuna aliyethubutu kuusogelea. Mtani akaenda peke yake. Akapiga magoti kwa yule Mjerumani mkubwa wa boma, akamwambia kwa mkalimani kwamba kwao mtani asipomzika mtani wake atakufa kwa kuhara, naye hapendi kuhara. Mjerumani akacheka. Mtani akapewa mwili. Akauosha mwenyewe, akachimba kaburi mwenyewe, na lilikuwa kaburi la pekee ambalo hakuigiza sauti ya mtu. Alifukia kimya. Na njaa ilipokaza, akawa anatuletea chumvi, na siku nyingine mchele kidogo kwenye jani la mgomba. Chumvi, wakati ambapo watu walikuwa wanachoma majani na kuchuja majivu! Mama alisema katika nchi hii amebaki mtu mmoja tu, na mtu huyo ni Mtani.

Aliyemuuza mjomba, mama alikwisha kumpata moyoni mwake. Alikuwa jirani yetu, mwanamke mfinyanzi. Ushahidi wake ulikuwa kwamba mfinyanzi huchimba udongo kwenye matete ya kando ya mto, na aliye kwenye matete huona anayevuka. Basi. Tangu hapo mama hakuwahi kwenda kuomba moto kwake. Moto wetu ukizimika alinituma nyumba ya mbali, nirudi na kaa kwenye kigae huku vidole vinaungua, wakati moshi wa mfinyanzi unatupuliza usoni. Vyungu vyake havikuingia kwetu. Na yule mwanamke, maskini, alizoea. Alinisalimia mimi kwa macho tu, mama akiwa amegeuka.

Miaka ikaenda. Nikakua, nikasoma kile kidogo, vita vya Wazungu kwa Wazungu vikafika mpaka kwetu. Siku moja Wajerumani wakakusanya vyakula na wapagazi, wakavuka mto kuelekea kusini, na boma likabaki wazi, mlango unapigapiga kwa upepo.

Sisi tukaingia. Wote! Watoto, wazee, wenye duka, waliochapwa na waliochapa. Tulitaka tuone tu. Tuliona chumba cha bwana mkubwa, tukaona ukuta ulipotundikwa kiboko, na nyuma kabisa tukaona kitu ambacho hakuna aliyekijua: mlango mdogo unaotazama matete. Tukausukuma. Nje palikuwa na njia.

Nieleweni. Ile haikuwa njia ya panya. Ilikuwa pana, imekanyagwa ikawa ngumu na inang'aa kama sakafu iliyosiribwa. Ilikuwa njia ya miguu mitupu. Tulisimama mlangoni tunaitazama.

Kijana mmoja akacheka, akasema, "Tuifuate tuone inazaa nini." Tukaifuata kwa mstari mmoja ndani ya matete. Mbele ikagawanyika. Mkono mmoja ulielekea mashambani, mwingine ukapinda kulia, na mwingine ulirudi kwenye nyumba zetu, upande wa kwetu na kwa mfinyanzi. Hapo kila mtu akaanza kumtazama mwenzake shingoni. Mzee mmoja akasema polepole, "Turudi." Wengi wakageuka. Lakini sisi wa mbele tulikuwa tumekwisha kuchukua tawi la kulia, tukatokeza kwenye uwazi, na njia ikaishia safi kabisa kwenye miguu ya mtu aliyekaa kizingitini anasuka mgono.

"Karibuni," akasema Mtani. "Mmechelewa. Njia ipo hapa miaka yote."

Nilihisi kama nimekanyaga ngazi isiyokuwepo.

"Wewe?" akauliza kijana wetu.

"Mimi. Nilikuwa sikio la boma. Mlidhani masikio ya boma yameota kwenye ukuta?"

Hakujificha, hakukimbia. Akatueleza kwa sauti ile ile ya kuombea vichwa vya samaki. Wakati wa Maji Maji walimkamata naye akiwa na kibuyu, wakamfunga kamba. Akiwa anangoja zamu yake, akaanza kumwigiza yule Mjerumani anavyokemea askari, maneno asiyoyajua, lakini sauti yenyewe. Mjerumani akasikia. Akacheka hadi machozi. Akamfungua kamba, akasema mtu mwenye masikio kama hayo asipotee bure. "Tangu hapo nikawa mtani wa boma," akasema. "Na mtani hakasirikiwi, au vipi?"

Halafu, mniamini msiniamini, mtu mmoja akacheka. Mwingine akafuata. Tukacheka wote pale kwenye uwazi, tumeshika mbavu, kwa sababu tangu tumezaliwa hatukujua namna nyingine ya kumjibu. Hakuna aliyemgusa. Tulirudi nyumbani tukiwa tumechoka kama watu waliotoka kuzika.

Mama, nilipomweleza, hakushtuka kwa habari ya Mtani. Alisema kila mtu alimtumikia Mjerumani kwa namna yake, na Mtani alikuwa na kamba shingoni. Yeye alishikilia habari ya ile njia nyingine. "Inarudi kwa mfinyanzi?" akauliza. "Umeiona kwa macho yako?" Nikasema nimeiona. Akatikisa kichwa taratibu. "Nilijua."

Mimi niliota, kama kawaida yangu. Niliota njia ile imeota majani. Mvua zilipoanza nikachukua mbegu za maboga nikazipanda juu yake, pale inapogawanyika, nikiimba. Niliwaza kwamba mwakani tutakula maboga ya mahali palipotulisha hofu. Yakaota, yakatambaa vizuri, maua ya njano yakafunguka. Nilimwita hata mfinyanzi aje aone, mama akiwa shambani.

Serikali mpya ikaja, Waingereza. Bwana mkubwa mpya alisimama uwanjani akasema kwa mkalimani: kiboko kimeteremshwa ukutani, na serikali hii haina masikio ya kificho. Mwenye neno aje mchana, mlango wa mbele, mbele ya watu. Tulipiga makofi mpaka viganja vikauma. Niliyaamini kabisa, na nadhani yule bwana mwenyewe aliyaamini. Lakini mkalimani aliyeyafasiri alikuwa askari wa zamani wa Mjerumani, yule yule, amebadilisha kofia tu. Mkutano ulipokwisha nilimsikia akimwuliza mwenye duka taratibu, "Yule mzee wa mlango wa nyuma bado yu hai?"

Mlango wa mbele haukupitwa na mtu. Kila asubuhi bwana mkubwa alikaa pale na meza yake, na nzi.

Kisha nikaenda kutazama maboga yangu. Yalikuwa yamekanyagwa. Mashina yamepondwa kwenye udongo, maua yamebandikwa chini, na juu yake nyayo. Si buti za askari, ni nyayo tupu. Kubwa za wanaume, pana za wanawake wanaobeba mizigo, hata zenye pete ya kidole cha mguu, nikaona alama yake. Hakuna hata moja iliyotoka kwenye boma. Zilitoka kwetu, zikaelekea kulia, kwa Mtani.

Nilimwuliza alipopita nyumbani, mama akiwa mtoni. Hakutania.

"Wanaleta majina, mke wangu mdogo. Nani alikuwa wa Mjerumani, nani alikula mkate wa Mjerumani. Wananiambia nipeleke kwa sababu najua mlango. Zamani nilihangaika misibani, nachekesha watu mpaka sauti inakauka, ili nipate neno moja. Sasa sichekeshi mtu. Wanayaleta wenyewe, na kuku juu."

"Na wewe unayapeleka?"

Akatazama pembeni. "Mkalimani ananisubiri. Siku ya kwanza hakunitisha hata kidogo, alinipa chai."

Majina yalipelekwa. Yule wa Lumemo, wa mtungi chini ya mafiga, akachukuliwa amefungwa kamba kwamba alikuwa mtu wa Mjerumani; yeye, aliyepigiwa teke mafiga yake! Mkewe alikuja kuuliza kwenye kila mlango. Mumewe hakurudi mpaka naandika haya. Wakachukuliwa na wengine. Ukisikia kamba, humwoni mtu huyo tena.

Na asubuhi moja nikamwona mama anatoka uani na jogoo wetu mwekundu kwapani, amefunga kaniki yake nzuri.

"Unakwenda wapi na jogoo, mama?"

"Kwa Mtani." Akapita mbele ya uzio wa mfinyanzi bila kugeuza shingo. Yule mwanamke alikuwa amechuchumaa, anasugua chungu kibichi kwa kokoto, anaimba.

Nilisimama kama gogo. Niliporudiwa na akili, mama alikuwa amekwisha kurudi mikono mitupu, uso umetulia kama wa mtu aliyetoka kuungama. Nikadanganya nakwenda kuchota maji, nikakimbia.

Mtani alikuwa kizingitini, mgono mpya magotini. Jogoo alikuwa amefungwa mguu kwenye nguzo. Nilimwona ghafla kuwa mzee. Meno ya mbele yamekwisha, jicho lile alilozoea kulifumba sasa lilijifumba lenyewe.

"Mke wangu mdogo! Umekuja kunioa au kunizika?"

"Shikamoo," nikasema.

Mikono yake ikasimama. Sikuwahi kumwamkia hivyo maishani. "Marahaba," akajibu polepole. "Leo nimekuwa mzee wa heshima. Basi kuna jambo."

"Mama amekuletea neno."

"Na jogoo."

"Usilipeleke. Nakuomba. Watamfunga kamba. Yule mama hana mtu, na mikono yake inajua vyungu tu."

"Silipeleki."

Nilikuwa nimejiandaa kulia, sikujiandaa kusikia hivyo. "Kwa nini?"

"Kwa sababu si yeye. Tawi lile la kwenu ni la kwendea shimo la udongo. Anachimba, anarudi. Mlangoni kwa boma hakufika hata siku moja, na mlango ule nilikuwa naufungua mimi."

"Basi ni nani aliyemuuza mjomba?"

Akaokota ufito, akauweka chini tena. "Jina silitaji. Nimetaja majina ya kutosha."

"Mtani, mama amemnyima yule mwanamke hata moto miaka yote hii. Asipojua ni nani, atalipeleka neno kwa mwingine, na huyo atalifikisha. Niambie."

Kisha akasogeza mgono pembeni. Akanyoosha shingo, akaweka mkono mmoja kiunoni, kidevu akakisukuma kushoto. Nikajua anataka kuigiza mtu, na nikataka kumwambia asifanye, hatuko msibani. Lakini kinywa kile kisicho na meno kilikuwa kimekwisha kufunguka, ikatoka sauti ya mwanamke kijana:

"Kaka yangu? Kaka yangu ananenepa kwa kambale! Na kila jioni ukivua nguo pale mtoni, anayaona makalio yako mabovu!"

Kisha kicheko. Kinaanza juu, kinavunjika katikati kama kifuniko kimeanguka, kinaishia kwa kuvuta pumzi, hii, hii. Kicheko hicho nilikijua kabla sijalijua jina langu.

Nilikaa chini kwenye vumbi.

"Ilikuwa kwenye msiba wa bibi yako," akasema, sasa kwa sauti yake. "Nilimtania mbele ya watu kwamba kaka yake ni mwoga, hakuja kumzika mama yao. Ikamchoma, akanijibu. Watu walicheka, mimi nikacheka mpaka nikakaa hivyo ulivyokaa wewe. Usiku huo sikulala. Nikawaza: ni wapi mtu anaweza kukaa akaniona nikioga? Mbele ya pale ninapooga kuna dungu moja tu."

"Si mlisema neno la utani halina miguu?"

"Halina. Nililiazima miguu yangu."

Jogoo alikuwa anakwaruza kamba yake. Nilitaka kumpiga yule mzee, na nilitaka kumshika mkono, na sikufanya lolote.

"Mama anajua?"

"Ajuaje? Nani anahesabu alilolisema msibani? Lilikufa na kicheko." Akainama akamfungua jogoo, akaniwekea mikononi. "Mwambie ni mimi. Wala hutakuwa umesema uongo. Mfinyanzi apate moto wake."

"Atakuchukia."

"Mtani hachu..." akaanza, akaacha. Akavuta mgono wake magotini. "Nenda, mke wangu mdogo. Usipite kwenye maboga, pita barabarani watu wakuone."

Mama alikuwa anatwanga. Alipoona jogoo, mchi ukabaki juu.

"Amekataa," nikasema. "Amesema si mfinyanzi. Amesema aliyempeleka mjomba ni yeye mwenyewe."

Aliushusha mchi taratibu, akauegemeza ukutani kama chombo cha mgeni. Hakulia. Alitazama jikoni kwetu, rafuni, mahali tunapoweka kibuyu cha chumvi.

"Ile chumvi," akasema. "Ile chumvi tuliyokula."

Akaenda nyuma ya nyumba, nikamsikia anatapika. Alirudi, akanawa uso, akainama kwenye mafiga akapuliza majivu. Moto ulikuwa bado unawaka chini kidogo, niliuona mwekundu. Akaumwagia maji. Akaokota kigae, akatoka nacho, akasimama kwenye uzio wa mfinyanzi.

"Mwenzangu," akasema. "Nina shida ya moto."

Mfinyanzi aliinuka na udongo mikononi. Akamtazama, akatazama kigae, akamtazama tena.

"Heeh! Miaka yote hii nilidhani kwenu mnapika kwa jua."

Na mama akacheka. Masikini mama yangu, alikuwa hajacheka hivyo siku nyingi, na nilipaswa kushukuru Mungu. Nilisimama uani, jogoo mikononi, nikakisikia kicheko kile kinaanza juu, kinavunjika katikati, kinaishia kwa kuvuta pumzi. Nikahisi midomo yangu inakifuata, kimya kimya, bila sauti. Nikaiziba kwa mkono.